Mawe Yaliyosimama na Mtambo wa Kibet

Tulipokuwa wadogo kule juu Cherangani, viazi vilikuwa na kazi mbili. Asubuhi mama alivitoa chunguni vikiwa bado vinafuka, akatutilia kimoja katika kila mfuko wa sweta, nasi tukapanda malishoni mikono mifukoni, tunajipasha moto. Vikipoa tunavila. Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye baridi mnanielewa. Wanangu nikiwasimulia haya wananiuliza kwa nini hatukuvaa glavu. Glavu! Sisi ambao hata viatu tuliviona kwa watoto wa mwalimu?

Juzijuzi, hapa Guangzhou, utoto huo ulinirudia kwa namna ambayo sikuitaka. Kazi yangu ni kuwanunulia watu wa nyumbani mizigo, kuikusanya kwenye ghala hapa Sanyuanli na kuipakia kontena mpaka bandari ya Nansha. Kati ya mizigo ya safari hii palikuwa na mtambo wa kuponda mawe, chuma kitupu, wa mdogo wangu Kibet. Aliniambia ni wa kokoto, barabara inajengwa kwetu. Sikumuuliza mawe atayatoa wapi. Sisi tunaowanunulia watu tuna desturi moja: mteja hatumuulizi kitu chake kinakwenda kufanya nini, maana ukizidi maswali kesho utamwona kwa jirani. Nikaifuata desturi hiyo hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Asubuhi ya kupakia, Kibet akanitumia picha. Amesimama kwenye majani ya kule juu, ameweka mguu juu ya jiwe, na nyuma yake mawe mengine yamefuatana mpaka mbali, kila moja limepigwa alama ya rangi nyekundu. Chini ameandika: "Kokoto yetu ndiyo hii, dada. Mtambo ukifika tu, tunaanza." Mawe yale nilikuwa nayajua moja moja.

Kwa asiyefika kule, nieleze. Ukipanda ukaumaliza msitu, unatokea kwenye uwanda wazi wa nyasi ngumu, hakuna mti wala nyumba, upepo tu. Katikati ya uwanda huo mawe yamesimamishwa kwa safu, kuanzia mwisho wa msitu mpaka kwenye chemchemi. Mengine yananifika begani nikiwa mtu mzima, mengine mafupi kama kondoo aliyelala. Nani aliyasimamisha, hakuna ajuaye. Ukiwauliza wazee wanakujibu kwamba waliyakuta, na baba zao waliyakuta. Mwalimu wetu alisema walioyasimamisha waliishi kabla ya koo zetu zote kuwa na majina.

Sisi watoto hatukuhangaika na historia. Tuliyapa majina. Lenye kibiongo tuliliita Karani, lenye tumbo tuliliita Mama Mkate, na moja jembamba lililoinama mbele tuliliita Mwalimu, kwa sababu lilikuwa kama linatafuta wa kumchapa. Kondoo walijikuna hapo mpaka sufu ikabaki imenata. Tulicheza mpira wa kati na kuruka kamba za blada kando yake, na mvua ikinyesha tuliteleza juu ya magunia kwenye mteremko wa majani mpaka makalio yakawaka. Watoto wa siku hizi wanateleza kwa kidole kwenye kioo cha simu, wanakwambia wamechoka.

Lakini kukaa juu ya jiwe, hapana. Kogo, bibi yetu mzaa baba, hakuwa mtu wa mzaha kwa hilo. Alikuwa mwanamke mkali, mfupi, mwenye ugoro puani na fimbo isiyokosa shabaha. Alikuwa na amri moja aliyotufundisha kabla hata hatujajua kuhesabu: "Ukungu ukishuka, mmoja asimame, mmoja atembee." Maana yake ni hii. Ukungu wa kule hauji polepole. Unamwona ng'ombe, unageuka kupiga chafya, ng'ombe hayupo. Na upande mmoja wa uwanda kuna korongo, ardhi inakatika ghafla kwenda chini kabisa. Kwa hiyo watu wakikutwa na ukungu wanashika safu ya mawe. Mmoja anabaki amelishika jiwe, mwenzake anakwenda kutafuta linalofuata. Akilipata anaita, na aliyebaki anaifuata sauti. Mkitembea wote mmeshikana mikono mtaliacha jiwe la nyuma kabla hamjaliona la mbele, na hapo mmepotea wote. Watu wa kwetu wamevuka ule uwanda namna hiyo tangu kale.

Nilimpigia Kibet saa ileile. Hakupokea. Nikapiga tena. Wakati huo simu ya pili ilikuwa inalia, laoban wa ghala, yaani bosi, mwanamke wa Kichina ambaye tumefanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Mzigo mzito hutangulia ndani ya kontena, ukae chini, kisha vitambaa na vyombo vijazwe baadaye. Mtambo wa Kibet ndio uliokuwa mzito kuliko vyote. Foklifti imeshauinua, wapakiaji wamesimama na glavu zao, lori linatakiwa Nansha kabla lango halijafungwa, na mimi nilikuwa nimewaambia wangoje kidogo.

"Pengyou, kuai, kuai!" laoban alinipigia kelele. Rafiki, haraka, haraka.

Nikashuka mbio kutoka ofisini mpaka ghalani. Na pale mbele ya kontena iliyo wazi, nikisubiri mdogo wangu apokee simu, mwili wangu ulikuwa Sanyuanli lakini kichwa kilikuwa kwenye ukungu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Kibet alikuwa bado hajaanza shule, kitinda mimba, mdomo kama cherehani, na mimi ndiye niliyepewa kumlea na kondoo pamoja. Ukungu ukatushukia tukiwa katikati ya uwanda. Nilimpeleka kwenye jiwe, nikamwekea mikono yote miwili juu yake, nikamwambia, "Usiachie mpaka nikuite." Nikaenda. Nikalipata la pili, nikaita, akaja amenyoosha mikono mbele kama kipofu, analia makamasi. Tukaenda hivyo, jiwe kwa jiwe, na kondoo nikiwasikia tu wanakohoa pembeni.

Kisha nikafika mahali ambapo palitakiwa kuwa na jiwe, na halikuwapo. Baadaye tulijua kwamba lilikuwa limeanguka kitambo na nyasi zimelifunika. Siku ile sikujua. Nilipapasa kushoto, nikapapasa kulia, nikasonga mbele kidogo, na nilipogeuka sikujua tena nilikotoka. Nikaita, "Kibet!" Kimya. Nikaita tena kwa nguvu zote. Upepo tu. Halafu, upande wa korongo, nikasikia vijiwe vinaporomoka, na kitu kizito kikifuata, kikigonga huku na huku, mpaka kikanyamaza.

Sijawahi kuogopa vile tena, wala sitaki. Nilitaka kukimbia kuelekea ule mshindo, na nadhani ningekimbia ningeishia hukohuko. Nilichofanya ni kulala kifudifudi nikapapasa majani yaliyokanyagwa, nikarudi kwa kutambaa nikifuata nyayo zangu mwenyewe kwa vidole. Nilitambaa huku naomba kwa sauti. Kiganja changu kikagusa jiwe. Nikalipapasa kwenda juu, na juu yake nikagusa kitu cha baridi kilicholowa. Zilikuwa nywele.

Alikuwa amelikumbatia lile jiwe kwa mikono na miguu, uso ameugandamiza pale mpaka shavu limechubuka. Alikuwa amenisikia nikiita. Hakuweza kujibu, taya zilikuwa zimegandamana kwa hofu na baridi. Lakini hakuachia. Aliyeanguka korongoni alikuwa kondoo. Tulikaa pale tumelishika jiwe sote wawili mpaka tukasikia debe linagongwa kwa mbali, Kogo amefika kwenye chemchemi anatuita.

Simu ikapokelewa.

"Dada! Umeona picha?"

"Kibet, hayo ndiyo mawe ya Kogo."

"Ni ya Kogo sasa? Hayo ni mawe tu. Skiza, hayahitaji hata kuchimbwa, yamesimama tayari. Unajua hiyo itatuokolea kazi ngapi?"

"Kule chini mtoni kuna mwamba mzima. Chukueni kule."

"Kule chini si kwetu, ni kwa wengine. Huku juu ni kwa ukoo, na wazee wamekubali. Kontrakta anataka kokoto, vijana wanataka kazi. Wewe unajua vijana wa hapa wanavyokaa? Wanashinda kwenye stendi ya pikipiki wakingoja hata mtu wa kumbebea gunia."

Nilijua. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma, kwamba hakuwa anasema uongo. Foklifti ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Laoban akaja akasimama mbele yangu, akaonyesha mtambo, akaonyesha kontena, akaonyesha lori.

"Kibet," nikasema, "siku ile ya ukungu. Unaikumbuka?"

"Ya ukungu gani?"

"Ulilikumbatia jiwe. Nilidhani umeanguka korongoni."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nikadhani amefika pale nilipo.

"Mimi nilikuwa mdogo, dada. Nakumbuka tu tulipoteza kondoo na baba akatuchapa."

Basi. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikiamini kwamba siku ile tunayo wawili. Kogo hayupo, baba na mama hawapo, na Kibet alikumbuka fimbo. Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja, lakini kibao hakifiki Cherangani kutoka Guangzhou.

"Jiwe lile lilikuokoa," nikamwambia.

"Wewe ndiye uliyeniokoa. Nilisimuliwa. Asante. Sasa nitumie mashine nami niokoe wengine."

Laoban akanishika mkono. "Pengyou!"

Nikamtazama Kibet kwenye ile picha aliyonitumia, mwanaume mzima mwenye kitambi na ndevu zenye mvi, nyuma yake Karani na kibiongo chake kimepakwa rangi nyekundu. Nikamwambia laoban mashine haiendi, washushe.

"Bu xing!" akafoka. Haiwezekani. Karatasi zimeshaandikwa, uzito umeshapangwa, atapanga nini tena sasa hivi? Nikasema washushe. Tukabishana mbele ya wapakiaji, yeye kwa Kichina chake na mimi kwa changu kilichochanganyika na Kiswahili, mpaka akatupa mikono juu na kumwashiria dereva wa foklifti. Mtambo ukashuka taratibu, ukawekwa ukutani. Wakaanza kuingiza vyombo vya watu wengine.

Kibet alikuwa ameyasikia yote.

"Umefanya nini?"

"Haiendi, Kibet. Nitairudisha kiwandani. Tafuteni machimbo mengine, nitakununulia nyingine mimi mwenyewe."

"Machimbo mengine hakuna, nimekwambia." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi namjua, akishusha sauti ameumia. "Wewe ulienda zako, dada. Watoto wako wanasoma, wanakula. Sisi umetuachia baridi na mawe. Sasa unataka tukutunzie mawe yako ili ukija likizo uyakute."

Akakata.

Kontena ilifungwa, lori likaondoka na kuwahi Nansha. Laoban aliniletea chai. Niliinywa nimekaa juu ya boksi, nimeegemea ule mtambo uliokataa kupoa kwa jua la mchana, na nikajiuliza kama Kogo angenisifu au angenichapa. Naamini angenichapa kwanza, kwa kumfokea ndugu yangu mbele ya watu.

Jirani yetu wa nyumbani ameniambia rangi ingali kwenye mawe lakini hakuna aliyeyagusa. Kontrakta ameanza kuleta kokoto kwa malori kutoka mbali, na kazi ambayo vijana wetu waliahidiwa imekwenda na malori hayo. Wengine wananilaani mimi kwa jina. Nimefurahi kwamba mawe yapo, nasema bila aibu, nimefurahi mpaka machozi yakanitoka. Na nina hofu nikienda nyumbani sitajua niingie mlango wa nani.

Enzi zetu, jamani, watoto tuligombana kila siku iliyokucha. Mimi na Kibet tuliumana meno kwa sababu ya kiazi, kwa sababu ya nafasi karibu na moto, na tukaapa kutosemeshana maisha yote. Lakini blanketi lilikuwa moja. Jua likizama mlikuwa mnalala chini yake mtake msitake, mmegeuziana migongo, na kabla usingizi haujawachukua mmoja ameshavuta upande wake, mwingine amevuta wake, mmeanza kucheka. Hakuna aliyewahi kuomba msamaha kwetu. Sasa kila mtu ana blanketi lake, nene, la dukani, mengine nimeyanunua mimi hapahapa Guangzhou na kuwapelekea.

Nimempigia Kibet tena asubuhi hii kabla ya kufungua ofisi. Simu yake inaita vizuri, inaita mpaka inakatika yenyewe.