Nyumba Thelathini na Nane Alizoziandika Tupu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Nevzat Tandoğdu yuko juu ya paa la banda la makaa ya mawe. Amechuchumaa kwenye theluji na macho yako kwenye bomba la moshi la nyumba ya watu. Baridi ni digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Kamera ameificha ndani ya koti, betri mbili ziko kwapani zisife, na penseli kaing'ata kama mswaki.

Bomba halitoi kitu.

"Washeni basi!" anapiga kelele. "Nitakufa huku juu!"

Dirisha linafunguka kiasi cha kiganja. "Subiri zamu yako," inajibu sauti ya kikongwe. "Mimi umeniua tangu mwezi uliopita na sijalalamika."

Dirisha linafungwa kwa kishindo.

Huyo ni Mama Behice, miaka sabini na sita, mwenye nyumba namba kumi na nne, mitaa ya nyuma ya ngome hapa Erzurum, mashariki mwa Uturuki. Kwenye karatasi za ofisi nyumba yake haina mtu. Nyumba zisizo na watu zinavunjwa theluji ikishayeyuka. Aliyeandika hivyo ni Nevzat mwenyewe, kwa mkono wake. Ni Jumanne, na orodha ya nyumba za kuvunjwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Nevzat ana miaka hamsini na nne. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa na studio ya picha za harusi, yenye zulia jekundu na pazia lenye maporomoko ya maji. Kisha simu zikaja.

"Kila mtu akawa mpiga picha," anasema. "Bwana harusi anapigwa na shemeji yake, bure, kichwa kimekatwa, na wanafurahi."

Alifunga studio akabaki na kamera na magoti mabovu.

Huu ni mwaka wa tatu, kila baridi ikiingia, kampuni moja ya vipimo inampa mkataba wa miezi minne. Anapita uchochoro kwa uchochoro, anaipiga picha kila nyumba ya zamani, halafu anaichora. Malipo ni lira mia mbili na hamsini kwa nyumba, picha na mchoro pamoja. Siku nzuri anafikisha nyumba sita. Theluji ikianguka mfululizo hapati hata moja, na gunia la makaa ya mawe peke yake linameza nyumba mbili.

Kwa nini achore wakati kamera anayo? Swali hilo linamchosha kuliko baridi.

"Njoo usimame hapa," anasema. "Huu uchochoro unapita punda na mzigo wake, basi. Kamera inakata paa, au inakata mlango. Mkono haukati."

Anatumia penseli kwa sababu wino unaganda. Glavu ya kulia ameikata ncha mbili ili vidole vishike, na vidole hivyo viwili havina hisia tangu mwaka jana. Jioni mkewe, Nurten, ndiye anayemfungua vifungo vya shati.

"Watu wakisikia wanadhani ni mahaba," anasema Nevzat. "Mahaba gani? Anafungua huku anatukana."

Kazi yenyewe hufanyika wakati wa baridi kwa makusudi. Kiangazi miti inaficha kuta, na nusu ya watu wako vijijini na ng'ombe wao. Baridi inawarudisha wote mjini, na kila aliye hai lazima awashe jiko. Kwa hiyo chini ya kila mchoro kuna kisanduku kidogo, na Nevzat anaandika neno moja kati ya mawili: ina mtu, au tupu. Anachotazama ni moshi.

Pafukapo moshi pana moto, hilo halina ubishi. Lakini hakuna mhenga aliyesema kwamba pasipofuka moshi hapana mtu. Hapo ndipo Nevzat alipojikwaa.

Ilikuwa katikati ya Januari. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu. Namba kumi na nne ilikuwa nyumba ya saba siku hiyo, na kabla ya hapo hakuwahi kufikisha saba. Bomba lilikuwa limelala kimya. Ngazini hapakuwa na alama ya mguu. Vijiti vya barafu vilining'inia juu ya mlango, virefu kama mkono wa mtu mzima. Alichora, akapiga picha, akaandika neno moja, akaenda zake.

"Sikupiga hodi," anasema. Halafu anarudia, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Sikupiga hodi. Niliogopa nikitoa mkono mfukoni hautarudi."

Kitu alichosahau kila mtu wa mitaa hii anakijua. Wajane wanaoishi peke yao hawawashi majiko matatu kuwapasha joto mabibi watatu. Wanawasha moja. Siku tatu kwa Zekiye, tatu kwa Munire, tatu kwa Behice. Asubuhi kila mmoja anabeba bilauri yake ya chai na sufu ya kufuma, anaingia kwa mwenye zamu, anashinda hapo. Usiku anarudi kwake na tofali la moto lililoviringishwa kitambaa, analala chini ya magodoro mawili. Wala hawapiti barabarani. Wanapita uani, kwenye matundu waliyotoboa ukutani zamani hizo waume zao wakiwa hai.

"Mama yangu mwenyewe aliishi hivyo miaka kumi na moja," anasema Nevzat. "Mimi ndiye niliyekuwa nambebea tofali. Najua. Najua kabisa! Na bado niliandika."

Aligundua Jumatatu, siku moja tu kabla ya kupanda paa. Aliingia kwa Mama Zekiye kuchora ngazi ya ndani, akawakuta mabibi watatu wamelizunguka jiko, kila mmoja na donge la sukari shavuni. Wakampa chai. Wakamcheka pua yake nyekundu. Kisha mmoja akauliza kama amekwisha kuichora nyumba yake, ile yenye mlango wa kijani uliopinda.

"Ile namba kumi na nne?" Nevzat akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Ile ina mtu?"

Mama Behice akaweka bilauri chini.

"Nina miaka hamsini na tisa mle ndani," akasema. "Nimezaa mle. Nimemtoa mume wangu mle, miguu mbele. Sasa niambie wewe, mwanangu, mimi ni nani? Ni paka?"

"Mama, naomba unisamehe."

"Kwanza niambie umeandika nini."

Akamwambia. Hakujificha.

Mama Zekiye, ambaye ana miaka themanini na mdomo usio na breki, alimtazama rafiki yake juu hadi chini. "Hongera, Behice," akasema. "Umekufa na hata arobaini hatujala."

Nevzat alikimbia ofisini kwa kampuni siku ile ile. Dada wa mezani, Tulay, alimsikiliza hadi mwisho. Bili ya umeme haikusaidia kwa sababu iko kwa jina la marehemu, na hati ya nyumba vilevile. Kwa karatasi, aliyekaa namba kumi na nne ni mtu aliyezikwa miaka tisa iliyopita.

"Kaka Nevzat, mimi nakuamini," alisema Tulay. "Fomu ndiyo haikuamini. Niletee picha yenye moshi na mchoro mpya, nitaifuta."

Zamu ya Mama Behice ilikuwa Jumamosi, siku moja baada ya orodha kufungwa.

Mtu wa nje atasema, si awashe tu? Lakini Mama Behice amebakiza magunia mawili ya makaa, na baridi ya hapa haiondoki kabla ya Aprili. Kila koleo lina siku yake. Jioni ile Nevzat alimpelekea gunia moja begani, akalitua mlangoni. Kikongwe akalisukuma kwa mguu.

"Makaa ya muuaji wangu siyataki."

"Chukua," Mama Zekiye akasema nyuma yake. "Maiti hakatai sanda."

Mama Munire, ambaye huwa haongei, alicheka hadi akashika ukuta. Mama Behice akalichukua.

Ndiyo maana Jumanne hii, kabla jua halijatoka, Nevzat yuko juu ya paa. Mwishowe bomba linakohoa. Moshi unatoka, mwembamba na mweupe. Anatoa kamera, anasukuma betri ya kwanza ndani, anapiga. Anaangalia kioo.

Hakuna moshi. Ukuta una theluji, paa lina theluji, mbingu yenyewe ni kama theluji. Moshi mweupe umepotea katikati ya weupe.

Anapiga tena. Na tena. Betri ya kwanza inakufa.

"Mama Behice! Hauonekani! Ni mweupe!"

"Unataka wa rangi gani, bwana mkubwa?"

"Mweusi!"

Halafu kwa ndani wanasikika mabibi watatu wakizozana, na sauti ya Mama Zekiye inapanda juu ya zote. "Tupia kile kiatu cha mpira! Cha mume wako!"

"Kile sikichomi."

"Behice, kiatu kile kilikuwa kinanuka tangu mwenyewe akiwa hai. Tupia tupone wote."

Nevzat haoni kinachotokea mle. Anaona bomba tu. Anavuta betri ya mwisho kutoka kwapani, ina joto bado, anaisukuma ndani na kungoja. Vidole vyake viwili havijui kama vimegusa kitufe au havijagusa, kwa hiyo anavitazama kwa macho.

Moshi unatoka mweusi tititi, mzito, unakunja shingo juu ya paa na kulala upande wa ngome. Anapiga kumi na moja mfululizo. Picha ya kumi na mbili haikutoka. Betri imekwisha.

Kisha anachora ukuta, mlango uliopinda, bomba, na moshi wenyewe. Chini, kwenye kisanduku, anaandika: ina mtu. Anafikiri kidogo, anaongeza: watatu.

Saa tatu na nusu Tulay alipokea picha na mchoro, akauliza mbona moshi mweusi hivyo, hakusubiri jibu, akagonga mhuri. Namba kumi na nne ikafutwa kwenye orodha ya kuvunjwa.

Hapo Nevzat angeenda nyumbani. Tulay akamuuliza, bila hata kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Kaka, baridi hii umeandika tupu ngapi?"

Akafungua daftari. Thelathini na nane, ukiondoa hiyo.

"Na ulipiga hodi ngapi?"

Alikaa kwenye benchi la ofisini akipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Mlinzi akamletea chai akidhani anaumwa.

Kampuni hailipi nyumba iliyokwisha kulipiwa. Ijumaa haisogei. Tangu Jumanne hiyo mchana, Nevzat anapita upya milango yote thelathini na nane, kwa nauli yake, magoti yakilia kama bawaba. Anapiga hodi, anangoja, anazunguka uani kutafuta tundu la ukutani, anapiga hodi tena. Kufikia jana Jumatano jioni alikuwa amemaliza ishirini na moja.

Ishirini ni tupu kweli. Katika moja ya hizo kulikuwa na njiwa tu na kitanda.

Iliyobaki, namba ishirini na mbili, haina jiko kabisa. Nevzat alipiga hodi mara nne akageuka kuondoka. Ndipo sauti ya kiume ikauliza kutoka ndani kabisa, "Nani?"

"Mpiga picha!"

"Wa nini? Mimi sioi."

Ni mzee mmoja aliyevunjika nyonga mwezi wa kumi na moja. Hawezi kufika mlangoni. Binamu yake anamletea supu mchana na kumwashia hita ya umeme, na hita haitoi moshi. Nevzat alimpiga picha kitandani, amevaa kofia mbili, akachora dirisha lake. Mzee akataka kujua picha ni ya kazi gani. Nevzat alimwambia ni ya kumbukumbu.

"Ningesemaje?" anasema. "Nimwambie, babu, nilikuwa nimekuangushia nyumba kichwani?"

Leo Alhamisi zimebaki kumi na saba, na amelala kwa saa tatu tu. Nurten amemshonea ncha za glavu zilizokatwa, huku akitukana. Alimwambia aache, amekwisha kuokoa wawili, inatosha. Nevzat alivaa koti.

Mwakani hajui kama atarudi kwenye kazi hii. Mkataba mpya akipewa atautia sahihi, kwa sababu kula lazima, lakini ameiambia kampuni kisanduku kile kiongezwe mstari mmoja: saa ngapi umepiga hodi, na nani ameitika. Hawajamjibu. Anasema wasipouweka atauchora mwenyewe, kwa rula, kwenye kila karatasi.

Kuna kitu kimoja zaidi anachokitaka, na anakisema akiwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba ya ishirini na mbili kati ya zile thelathini na nane, akipumulia ngumi yake ipate uhai wa kugonga.

"Baridi ikiisha nataka nichore mtu," anasema. "Mtu mmoja tu, amekaa, ana joto. Miaka mitatu nachora kuta. Nataka mtu, na nisiandike neno lolote chini yake."

Anagonga. Anasogeza sikio kwenye mbao, anangoja.