Fataki Juu ya Mafiga

Mimi ni mtu wa kuchagua. Sokoni nageuza nyanya zote za mama wa watu, halafu nanunua mbili. Mke wangu hushangaa mpaka leo kwamba yeye nilimchagua kwa siku moja, tena kwenye harusi ya watu wengine. Kwa hiyo nguruwe pori walipoingia shamba lake la mahindi huku Kaniha, na mambo yakafikia kuchagua fataki, nilijiona nimepata kazi yangu.

Nasema shamba lake kwa sababu ni lake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu, na jembe nalijua zaidi kwa kulichora ubaoni. Alilima yeye, akapanda yeye, akapalilia yeye, na mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu mpaka msimu mwingine. Nguruwe walipolaza mistari minne, akataka tupange zamu na majirani, tupige madebe. Nikacheka. Madebe ya nini, na mimi nina gobore la marehemu baba, leseni imeshahamishiwa jina langu, na afisa wanyamapori ametuandikia ruhusa?

"Tulia, mke wangu," nikamwambia. "Mwanamume yupo."

Gobore, kwa asiyelijua, ni bunduki ya kizamani. Unashindilia mwenyewe baruti na risasi kupitia mdomoni, halafu kwa nyuma unalivisha fataki, kikofia cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi. Kinyundo kikiigonga, fataki inatema cheche na baruti inawaka. Isipotema, umeshika mti tu. Ndiyo maana mtu anayejua mambo huanza na fataki. Mimi sikuwa najua mambo, ila sikuwa nimeambiwa.

Dukani Biharamulo mjini muuzaji aliniwekea aina mbili. Za kwanza zilikuwa zimefifia rangi, zimefungwa kwenye kikopo chenye kifuniko cha kukaza. Za pili zilikuwa zinang'aa kama hereni za bibi harusi. Akasema wazee wengi huchukua zile zilizofifia. Hapo ndipo aliponiponza. Mimi nichukue za wazee? Thubutu! Nikachukua zinazong'aa. Akanifungia huku akinionya, "Mwalimu, ziweke pakavu, na mbali na moto." Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba hayo nayajua.

Nyumbani nikazimwaga kwenye ungo, nikavaa miwani, nikaanza kuzichambua moja moja kama maharage. Yenye mkwaruzo, pembeni. Yenye mdomo uliopinda kidogo, pembeni. Kazi ile ilinichukua siku mbili. Mke wangu akapita na ndoo ya maji kichwani, akasimama.

"Mwalimu, hizo unapika au unapanda?"

"Wewe subiri tu. Utakuja kunishukuru."

"Haya. Mchagua jembe si mkulima," akasema, akaenda zake.

Zilizofaulu mtihani nikazitia kwenye kikopo cha majani ya chai. Sasa nikiweke wapi? Mvua zilikuwa zimekolea, hata chumvi ilikuwa inatoa maji. Na huku kwetu kila mtu anajua pakavu ni wapi: ni jikoni, kwenye uchaga juu ya mafiga, ambako mbegu hukaa kwenye moshi zisiingiwe na unyevu wala dumuzi. Mbegu za bibi yangu zilikaa pale. Za mama yangu zilikaa pale. Nikapanda juu ya kigoda, nikakiweka kikopo katikati ya mbegu za mke wangu. Kuhusu moto, nilipima kwa macho: kutoka kwenye mafiga mpaka kwenye uchaga ni urefu wa mtu. Haki ya Mungu, niliona ni mbali.

Nguruwe hawakurudi upesi. Nikawatangazia majirani kwamba wamepata habari zangu. Wiki tatu nzima nikatembea kifua mbele, na wiki tatu nzima mke wangu akapika chini ya kikopo kile, asubuhi na jioni.

Mahindi yalipoanza kukomaa, wakarudi. Kulikuwa kunapambazuka. Nikashusha kikopo, nikachukua fataki chache, nikakirudisha mahali pake, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Tukaenda, mimi mbele na mke wangu nyuma. Dume moja kubwa lilikuwa limesimama karibu kabisa, linatafuna. Nikalenga. Ta! Kimya. Nikabadilisha fataki. Ta! Kimya. Ya tatu, vilevile. Dume likainua kichwa, likanitazama, likaendelea kula. Nimefundisha darasa la saba mchana wa Ijumaa. Nayajua macho ya kiumbe asiyekuogopa.

Mke wangu akanipita na sufuria na mwiko. Alipiga, akapiga kelele, akawakimbilia mpaka wakatokomea porini. Alirudi anahema, kanga imelowa umande mpaka magotini, na mkononi ana mahindi mengine matatu yaliyovunjwa na nguruwe.

"Mwanamume yupo," akasema, akaenda kukoka moto.

Nilikasirika, lakini si kwa nafsi yangu. Nilimkasirikia muuzaji. Ila kabla sijaenda kumfokea, nikaona nipate kwanza ushahidi wa mama, kwa kuwa gobore la baba halikuwahi kumwaibisha hata siku moja. Asubuhi ileile nikapanda gari kwenda Ngara, mpaka nyumbani kwetu Murukulazo. Nikamkuta mama anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

Nikamweleza yote. Nikauliza baba alikuwa akizichaguaje fataki zake.

"Hakuchagua. Alinunua zile zile za siku zote. Wewe umeziweka wapi?"

Nikamwambia kwa fahari kidogo: kwenye uchaga, pamoja na mbegu, kama alivyonilea. Mama akaacha kumenya.

"Juu ya moto?"

"Pakavu, mama."

"Mvuke wa maharage nao ni mkavu?" Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Baba yako alizitia ndani ya pembe la ng'ombe, akaliziba kwa nta, akalitundika nje kwenye banda la mbuzi. Hata mvua inyeshe vipi, hakuziingiza ndani."

"Kwa nini nje?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa ndani."

Sikungoja ndizi ziive. Njia nzima niliogopa, na sioni haya kusema. Wiki zote zile nilikuwa nawaza baruti, cheche, unyevu, nguruwe na majirani. Aliyekuwa anapika pale chini sikumuwaza hata mara moja. Nikafika nyumbani jioni, nikamkuta mke wangu amepiga magoti jikoni, anapuliza moto, na kikopo changu kiko palepale juu ya kichwa chake.

"Toka nje!" nikapiga kelele.

Akakurupuka na mwiko. "Wamerudi?"

Nikapanda kigodani. Kikopo kilikuwa cha moto mkononi. Nikakipeleka mbali, nyuma ya banda la mbuzi, nikarudi, nikamwambia kilikuwa na nini, na kwamba joto la moto lingeweza kukilipua. Nilitegemea atukane. Hakutukana. Alitazama uchaga, akatazama mafiga, akajishika kichwa kama anayehakikisha kipo.

"Na hayo yote ni kwa ajili ya mahindi?"

"Ni kwa ajili ya mahindi."

"Mahindi yangeliwa, ningepanda mengine," akasema. "Mimi ungenipanda wapi?"

Jioni ile nilipika mimi, na ugali ukaungua. Kesho yake alfajiri nilikuwa wa kwanza shambani, na debe langu.