Matope Meupe ya Kinu

Harufu ninayoikumbuka ni ya matope mabichi ya kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kule upande wa Kerende. Ilikuwa harufu chungu, kama mbegu iliyopasuliwa ikaachwa kiganjani. Maji ya kinu yalimwagwa bondeni, yakikauka yanaacha tope jeupe. Sasa sisi Wakurya tukiona udongo mweupe na ng'ombe anaunyemelea, tunajua ni chumvi, hilo halihitaji shule. Ulikuwa mwaka wa ukame, miaka ya hamsini, nami, Bhoke, binti wa miaka kumi hivi. Baba akamwuliza karani wa kinu, Magesa, kama tunaweza kuuchukua. Magesa akasema chukueni tu, mnatusaidia kusafisha. Lakini ng'ombe wake yeye aliwazungushia miiba wasishuke bondeni. Ile miiba niliiona, na sikuipenda, ila mtoto wa kike ningemwambia nani?

Basi mama na mimi tukabeba tope kwa vikapu, tukawawekea ng'ombe. Kabla jua halijatua watano walikuwa chini, wanatupa miguu, povu mdomoni. Baba hakulitazama tope. Alimtazama mama, maana mama alitoka Itiryo, kwa ukoo tuliokuwa tukiibiana nao ng'ombe, na mke mdogo alikuwa amekwisha kumnong'oneza baba kwamba huyu ametumwa. Akufukuzaye hakwambii toka: baba aliacha kula chakula cha mama. Wazee wakaita iritongo, baraza lao, waamue kama mama abaki au aende. Magesa naye akaja na viatu vyake, ametumwa na mzungu wa kinu tuliyemwita Bwana Miwani, akasema udongo wao umepimwa, hauna kosa. Kisha akamgeukia mama. "Mama Bhoke, kwenu Itiryo huwa mnawalisha nini ng'ombe wa watu?" Watu wakacheka. Mama akachota tope lililobaki kikapuni, akamnyooshea.

"Shemeji, lamba kidogo tu. Ukilamba, naondoka mwenyewe."

Magesa akarudi nyuma hatua moja. Wazee wote waliiona hatua hiyo. Wakamfukuza mama hata hivyo, kwa kuwa kinu kiliwapa vijana wao kazi, na mnyonge hana haki.

Nawataja: Magesa, Bwana Miwani, na baba yangu pia, simwachi. Mama alifia Itiryo, hakuna aliyemwita arudi. Siku hizi kinu kile ni magofu, lakini hapa Nyakunguru nilikoolewa vijana wanachoma zebaki jikoni wapate dhahabu, kwenye sufuria za ugali, watoto wamekaa hapo hapo. Nikiwasema wananijibu, mama, wewe hukusoma. Mwezi huu mtoto wa jirani ameanza kutetemeka mikono, hata kikombe hakishiki. Mama yake alikuwa akiniamkia shikamoo kila asubuhi. Sasa ananipita ameinamisha macho, na maziwa niliyompelekea mtoto nimeyakuta yamemwagwa nyuma ya choo.