Siku Karatasi Ilipopanda Ghorofa ya Saba

Nyinyi tuliokua pamoja kwenye maghorofa ya Barking, wakati simu ilikuwa imefungwa ukutani na mtu akikutaka anakuita kwa kelele kutoka uwanjani, hebu kaeni niwakumbushe. Watoto wenu wakiwauliza, "Mum, bila internet mlikuwa mnafanya nini?" waambieni tulikuwa tunaruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka soksi zinaanguka zenyewe, na baridi inatupasua midomo hadi ukicheka unatoa damu. Na bado tulicheka.

Mimi nilitua Landani nina miaka tisa, Kiingereza changu chote kikiwa ni "yes". Mwalimu aliniuliza jina, nikamjibu yes. Akaniuliza kama nimeelewa, yes. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyemwaga maziwa, yes. Nimeadhibiwa sana mimi kwa makosa ya Waingereza.

Juu ya hayo yote, sisi ni Wayahudi. Wayahudi weusi kutoka upande wa Nyandarua, wachache hivi kwamba harusi moja tu ikifanyika, kila mtu amekuwa shemeji ya mwenzake. Wakenya wa pale Barking walipoona Mama hafanyi kazi Jumamosi wakasema, "Aa, kumbe ni Wasabato!" Mwaka wa kwanza Mama aliwaeleza. Mwaka wa pili akachoka, akawa anaitikia tu.

Wiki nzima alikuwa anaosha na kulisha wazee wa watu. Lakini Ijumaa kabla jua halijazama, anawasha mishumaa miwili, anafunika macho, na uchovu unamtoka mpaka unauona. Githeri inawekwa kwenye moto mdogo kabisa, inalala hapo hadi kesho mchana, maana Sabato hatuwashi, hatuzimi, hatuandiki. Ile harufu ya mahindi na maharagwe ilikuwa inapita chini ya milango yote ya ghorofa ya tatu kama askari wa kodi.

Ghorofa ya saba alikaa Bi Zuhura, mjane wa Kizanzibari, miguu imevimba, ulimi mzima. Mama akichelewa kazini, huyo ndiye mlezi wangu. Alinifundisha kusuka nywele, kuamkia wakubwa, na kumtukana mtu kwa adabu mpaka akushukuru. Hiki cha mwisho ndicho kimenilisha maishani.

Sasa lifti ikafa. Ikafa shule zilipofunguliwa Septemba, mpaka Desemba bado maiti. Miezi mitatu Bi Zuhura hakukanyaga ardhi. Halafu ikaja barua kutoka ofisi ya nyumba. Msomaji wa barua wa jengo zima nilikuwa mimi, miaka kumi na moja, mkalimani mkuu wa Waafrika wote. Barua ilisema lifti itatengenezwa kama kila nyumba, zote ishirini na nane, itasaini. Watu wafike wenyewe pale chini mlangoni, Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni. Ikikosekana sahihi hata moja, lifti inafungwa kabisa, na Bi Zuhura anahamishiwa makao ya wazee mji mwingine, treni mbili na basi.

Hebu angalieni hiyo akili. Ili lifti itengenezwe, Bi Zuhura ashuke ngazi ghorofa saba. Angekuwa anaweza kushuka, lifti ya nini?

Mama naye Jumamosi haandiki. Alipiga simu Alhamisi kuomba asaini mapema, akaambiwa karatasi ni moja na siku ni moja. Sabato ya Desemba inatoka saa kumi na moja kasoro dakika tano. Yaani tulikuwa tumechelewa kwa saa moja hata kabla hatujaamka.

Jumamosi ikafika. Bwana wa ofisi ameketi chini na meza yake ya kukunja. Saa tisa na nusu sahihi zilikuwa ishirini na sita. Majirani wakamzunguka Mama.

"Mama Rahel, ni jina tu! Mungu hata hataona."

"Asipoona hili, nitajuaje ananiona nikilia?" Mama akajibu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ngazi. Yule bibi aliyenilea mimi ndiye angepakiwa kwenye gari na masanduku yake, na jengo zima lingesema ni kwa sababu ya Mama.

Sijui nilipata wapi mdomo. Nikamwendea yule bwana. "Sir, Bi Zuhura anataka kusaini. Lifti yenu ndiyo imekufa, miguu yake iko hai kidogo tu. Kwa hiyo karatasi ipande."

Majirani wakapiga makofi. Bwana akaangalia saa, akaangalia ngazi, akaangalia makofi. Akapanda. Mimi mbele, mwendo wa bibi harusi. Ghorofa ya nne alikuwa ameacha kuongea.

Bi Zuhura alifungua mlango, akamwona anavyohema. "Masikini! Mkalishe kitako huyo asije akatufia hapa." Kisha akanigeukia, bado anamchekea mgeni kwa heshima zote. "Sabato ya mama yako inatoka saa ngapi?"

"Bado saa nzima, bibi."

"Basi mwambie nakaanga."

Jamani, alikaanga! Sambusa kumi na mbili, mojamoja. Chai ikachemka, ikamwagwa, ikachemshwa upya. Saa kumi ikapita bwana ana sambusa mdomoni. Kisha miwani ikatafutwa nyumba nzima, na bwana mwenyewe akapiga magoti kuangalia chini ya kochi. Miwani ilikuwa kifuani mwa Bi Zuhura, ndani ya kanga, na nilimwona alivyoiingiza. Akasaini polepole, jina lake, la baba yake na la babu yake.

Tulipofika chini Mama alikuwa dirishani anaangalia anga. Sheria ya kutoka Sabato ni kuona nyota tatu, lakini ukingoja nyota Landani utazeeka, kwa hiyo tuna kalenda ya saa, na saa ilikuwa imefika. Akasema baraka yake, akachukua kalamu.

"Muda umepita, madam," bwana akasema.

Nikamwambia, "Hata wa Bi Zuhura ulipita, sir. Ulikuwa unakula."

Akapangusa makombo ya sambusa. Akasogeza karatasi. Ishirini na nane! Kelele zilizopigwa pale, hata maiti ya lifti nadhani ilishtuka.

Januari Bi Zuhura alishuka na buibui jipya, akasimama uwanjani kwenye theluji na makubazi, akakataa kurudi ndani mpaka amesalimiana na kila mtu.

Chuo mimi nilikiacha mwaka wa pili, na wala hakikunitafuta. Lakini miaka ishirini sasa nabeba kipaza sauti kudai haki mbele ya ofisi za watu, na wakiniona wanajifanya wanaongea na simu. Vijana ninaofanya nao kazi kule Thornton Heath ni wakali, nasema kweli. Chai haijapoa wameleta sahihi elfu tano za mtandaoni. Nikiwauliza, "Huyu wa kwanza hapa ni nani, miguu yake inaendeleaje?" wananijibu, "Auntie, it's just a link."

Na link zinashinda, sikatai. Ila sisi tulikuwa ishirini na nane tu, na hakuna aliyekuwa hajui mwenzake analala upande gani wa ukuta.