Jiwe Nililolilamba Ukweni

Hii aibu sijawahi kuisimulia mwenyewe, huwa nasikia wengine wakiisimulia na kila mmoja akiongeza chumvi yake, kwa hivyo leo wacha niiseme jinsi ilivyokuwa, mnicheke mara moja, tuendelee na maisha.

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Rusinga, na kazi yangu, msimu watafiti wanapokuja, ni kutafuta mifupa ya kale. Tunatembea kwenye makorongo baada ya mvua, kichwa chini kama mtu aliyeangusha pete, maana mvua ndiyo inayofukua, sisi tunaokota tu. Tukiona kitu tunakipiga brashi polepole, tunakifunga plasta kama mguu uliovunjika, kinapelekwa maabara. Kila mtu huniuliza kama tunachimba dinosari. Hapana, kwetu hakuna. Mifupa yetu ni ya sokwe wa kale na wanyama wengine waliokuja dinosari wakiwa wameshakwisha zamani sana. Ukitaka dinosari wa Kenya, nenda kaskazini, Turkana.

Sasa kuna ujanja mmoja wa kazi. Ukishindwa kujua kama ulichoshika ni mfupa uliogeuka jiwe au ni jiwe tu, unakigusa na ulimi. Mfupa una vitundu vidogo vidogo, kwa hivyo unanata. Jiwe la kawaida halinati.

Basi mdogo wangu Ouma akapata mchumba, Boke, Mkuria wa upande wa Kehancha, na kwa vile baba yetu hayupo tena, mimi mkubwa nikawa msemaji siku ya posa. Wao Kikuria, sisi Dholuo, kila kitu kikawa ni cha Kiswahili, na Kiswahili changu, kwa ajili ya wageni wa kazini, kilikuwa kimenyooka. Upande wao alisema baba mdogo wa Boke, Mzee Marwa (mzee mkavu, hacheki ovyo), na tulikuwa tumekaribia kabisa kuelewana juu ya ng'ombe nilipoomba ruhusa niende chooni.

Ningerudi moja kwa moja, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikinawa mikono kando ya bafu la mabati nikaona, juu ya ukingo, kitu cha kijivu, upande mmoja kimeviringana kama kifundo cha mfupa, na vitundu kama mkate. Nikakishika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia, nikapuuza. Nikatazama huku na huku, nikakilamba.

Kikanata.

Nikalamba upande wa pili, kikanata. Nikalamba tena ili niwe na uhakika (kilinukia sabuni kidogo, na hapo mtu mwenye akili angekirudisha). Mimi nikaingia nacho sebuleni.

"Wazee wangu," nikasema, "Mungu amewawekea kitu katika boma hili. Huu ni mfupa wa kale."

Chacha, kaka yake Boke, akauliza, "Ni dinosari?"

Watu wote wakanigeukia, hata waliokuwa jikoni wakatoka na sahani mkononi. Nilijua jibu vizuri sana. Nikasema, "Inaweza kuwa."

Mzee Marwa akanyoosha mkono. "Wewe umejuaje?"

"Mfupa wa kale hunata kwa ulimi, mzee."

"Lete."

Akalamba. Alilamba taratibu, macho amefumba, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya wenyewe. "Inanata," akasema. "Kweli kabisa, inanata." Shangazi mmoja akapiga vigelegele, Chacha akasema wazungu watajenga barabara mpaka hapa, na Mzee Marwa akakaa sawa kwenye kiti, akasema kwamba boma lenye dinosari haliwezi kutoa msichana kama boma lingine lolote, kwa hivyo hayo mambo ya ng'ombe tuyaanze upya. Ouma akanitazama. Yawa, sitasahau yale macho.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia nyanya yake Boke, mama yake Mzee Marwa, leso kiunoni, mguu mmoja umetakata na mwingine bado una vumbi.

"Chacha, jiwe yangu ya miguu iko wapi? Nimeiacha hapo kwa bafu nikaenda kuongeza maji."

Akaliona mkononi mwa mwanawe. "Si ndiyo hiyo? Unafanya nini nayo?"

"Mama," Mzee Marwa akasema polepole, "hii ni ya nini?"

"Ya kusugua visigino."

Mzee Marwa akainuka, akatoka, na sote tukamsikia nyuma ya nyumba akisukutua, akitema, akisukutua tena. Wangecheka ningepona. Hakuna aliyecheka. Nyanya akanigeukia.

"Na huyu mgeni pia amelamba?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mara ngapi?"

Nikamwambia ukweli. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akawageukia watu wa jikoni: "Kwani wageni hawajapewa chai?"

Posa iliahirishwa. Tulikula, tukaaga, na Ouma hakunisemesha mpaka tukafika Migori mjini. Hapo akasema, "Owadwa, ndugu yangu, nilikuomba uniposee mke. Sikukuomba uonje boma lao."

Safari ya pili msemaji alikuwa mjomba wetu wa Kendu Bay, mimi nikaambiwa nibaki nyumbani nilinde kuku. Walielewana. Boke sasa ni shemeji yangu, na siku ya harusi Mzee Marwa alinipa mkono, ingawa kwa mbali.

Msimu ulipoanza nikamsimulia mtafiti anayetuongoza, mama mmoja mpole, nikidhani atacheka. Akaniuliza tu, "Ulikikuta wapi?"

"Kwenye ukingo wa bafu."

"Basi ulimi ulikuwa wa nini? Unaanza kwa kuuliza kimefikaje hapo."

Na hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, kwamba mfupa usiojulikana ulikotoka hausemi kitu. Sikukosa elimu siku ile. Nilikuwa na watu wengi wananisikiliza, nikapenda. Kwa hivyo nimeapa: kwa watu sishiki kitu kabla sijauliza ni cha nani, na mtu akiniuliza kama ni dinosari nasema hapana, hata kama nyumba nzima inangoja niseme ndiyo.