Mutumbwi wa Marehemu na Mihogo Yangu

Tarehe 14, mwezi wa saba, 1975. Upepo wa kusini ulipiga tangu alfajiri, ziwa likachafuka, na hakuna mutu wa kisiwa cha Kilwa aliyeweza kuvuka. Upepo ninautanguliza kwa sababu bila huo pengine mambo yangekwenda vingine.

Asubuhi lori lilisimama nyuma ya jiko langu. Alishuka mulamu, dada ya marehemu bwana yangu, pamoja na dereva na kijana mumoja wa makumbusho. Walikuwa wanakusanya vitu vya wavuvi wa zamani, migono ya kutegea samaki, nyavu za kamba za miti, viwekwe katika nyumba moja watoto waje kutazama. Mutumbwi wa bwana yangu ulikuwa wa gogo moja. Wavuvi wengi walishahamia mashua za mbao, na wetu ulilala tu juu ya mawe, mimi nikilowekea mihogo ndani mpaka gogo likashika harufu yake.

Mulamu hakuja kwa ajili ya watoto kutazama. Kwa desturi ya hapa, mutu akifa, mutoto wa dada yake anarithi jina pamoja na vitu, na mpaka jina lirithiwe mujane hafukuzwi. Mwenye kurithi alikuwa Kilwa, na marehemu hakuacha kitu kingine ila mutumbwi ule. Ukitoka, hakuna tena cha kungojea. Mimi na binti zangu wawili tungerudishwa ngambo ya ziwa, Kongo, ambako sina tena wa kunifungulia mulango.

"Mulamu, umeamuka?" nikamusalimia.

"Harufu yako njo imeniamusha."

Dereva akachungulia ndani ya mutumbwi. "Huyu samaki alikufa lini?"

"Kaka yangu alivulia samaki wa pumbu humu," mulamu akamwambia kijana. "Huyu Mukongomani ameugeuza sufuria."

"Kaka yako mwenyewe aliniambia nilowekee humu, siku ukingo wake ulipopasuka, usifae tena kuvulia."

Ni kweli aliniambia. Lakini siku hiyo alikuwa amelewa, na kesho yake hakurudia, kwa hiyo sijui kama maneno yale yanahesabika.

Kijana aliongea Kibemba, na mimi Kibemba changu ni cha sokoni. Kama ninamukosea katika kuandika, anisamehe. Aliuliza mwenye mutumbwi ni nani.

"Ni miye," mulamu akasema.

Ningeweza kusema ni wangu, marehemu alinipa, na kijana angesadiki. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikasema, "Si wake. Na mimi pia, si wangu. Ni wa yule atakayerithi jina, na yeye upepo umemufunga Kilwa."

"Mama, jina halijarithiwa bado?" kijana akamuuliza mulamu.

Mulamu akatazama ziwa.

Yule kijana, pamoja na suruali yake pana ya mujini, alikuwa mutoto wa Kabuta, kijiji cha hapa hapa ziwani. Alikunja kamba yake ya kupimia. "Basi sipakii chombo cha mutu ambaye roho yake ingali inazunguka. Mukimaliza, nitarudi."

Nilidhani nimeshinda. Mulamu alingoja kijana apande lori, ndipo akanigeukia.

"Umesema kwa kinywa chako, mutumbwi si wako?"

"Nimesema."

"Na mihogo ya nani?"

"Yangu."

"Itoe kwa chombo cha watu."

Alikuwa na haki. Niliinama nikatoa muhogo mumoja mumoja, yeye amesimama juu yangu mikono kiunoni, na dereva akipiga honi kwa kuchoka. Mulamu hakunisaidia, lakini hakunitukana tena, na hilo lazima niliandike. Kipande cha mwisho kilipotoka, aliinamisha mutumbwi, akamwaga maji yote kwenye muchanga.

"Upepo hauvumi mwaka muzima, mulamu," akasema, akaenda.

Ilikuwa mihogo mikali, ile yenye sumu isiyotoka bila siku kadhaa majini, nayo ilikuwa imelala majini usiku mumoja tu. Bado migumu kama kuni, hairuhusu kutwangwa wala kuliwa. Binti yangu mukubwa aliibeba kwenda kuiloweka kando ya ziwa, kule inakoibiwa. Unga ulikuwa umeisha, kwa hiyo bukari, ugali wetu, haikuwepo. Jioni tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi, bila samaki, tumekaa nyuma ya jiko, migongo yetu imeegemea mutumbwi mutupu.