Pumzi Ndani ya Mtutu

Évariste alisafisha mabehewa ya treni Stockholm miaka ishirini na mitatu. Shule hakuiona. Anachokijua vizuri ni bunduki za zamani, zile za risasi moja: unafyatua, unafungua, unatia nyingine. Anazo mbili, zimefungiwa kwenye kabati la chuma nyumbani kwake, mtaa wa Rågsved. Moja ina miaka mia na hamsini na bado inapiga.

Rafiki yake Ludovick, Mtanzania, anazo saba. Aliyemfundisha ni Évariste. Baruti ya zamani huacha masizi, na masizi yakikauka risasi huenda itakako. Dawa ni kupuliza pumzi ndani ya mtutu kwa mrija, kila baada ya risasi, unyevu wake uyalainishe. Ludovick ana haraka, husahau. Miaka tisa, kwenye uwanja wa shabaha, Évariste alimkumbusha kutoka meza ya jirani: "Puliza."

Mwaka jana Madeleine, mke wa Évariste, akafariki. Huku maziko hupangiwa tarehe, kama miadi ya daktari wa meno. Ludovick aliambiwa wiki tatu kabla, akaahidi kubeba jeneza. Siku yenyewe hakuonekana. Mtu wa kampuni ya maziko, asiyemjua marehemu, ndiye aliyeshika mahali pake. Jioni habari zikafika kwamba Ludovick alikuwa kwenye shindano, na kombe kalichukua. Alipopigiwa simu alisema alidhani wabebaji watatosha.

Évariste hakugomba. Aliweka donge moyoni, akalilisha mwaka mzima. Kila Jumamosi alikuwa kwenye uwanja wa shabaha, kule msituni. Alilitaka kombe lile, na alitaka Ludovick alikose huku yeye anatazama.

Siku ya shindano jua lilikuwa kali. Meza zao zilikuwa jirani, kama zamani. Ludovick alianza vizuri. Risasi ya nne ikaenda pembeni. Ya sita ikakosa karatasi kabisa. Akageuka kumtazama mwenzake. Évariste alikuwa anapuliza mtutu wake, taratibu, hana habari naye.

Évariste akatangazwa mshindi. Ludovick akamfuata mezani.

"Kaka, uliniona nasahau."

"Nilikuona tangu ya pili."

Ludovick akanyoosha mkono. "Basi nisamehe. Na pole kwa msiba wa shemeji."

Évariste alikuwa ameshika bunduki kwa mikono miwili. Nafasi ya kuilaza mezani ilikuwepo. Hakuilaza.

"Pole hiyo mpelekee mwenyewe makaburini," alisema. "Utamkuta. Yeye hana mashindano."